Mwezi Mpevu na Tarehe ya Pasaka



Noeli yetu huangukia Desemba 25 kila mwaka, lakini Pasaka huhama kati ya Machi 22 na Aprili 25. Sababu yake ni mwezi wa angani.

Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Upande wake unaoelekea jua huangazwa daima, nasi huuona upande huo kwa kadiri mwezi unavyoizunguka dunia. Huandama ukiwa mwembamba, hupevuka, kisha hupungua hata usionekane. Na kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Waisraeli walihesabu miezi yao kwa njia hiyo. Kitabu cha Kutoka kiliagiza mwanakondoo wa Pasaka achinjwe jioni ya siku ya 14, yaani mwezi unapopevuka. Katika majira hayo Bwana wetu aliteswa na kufufuka.

Katika karne ya 2, Wakristo wa Asia Ndogo waliishika siku hiyo ya 14, hata isipokuwa Dominika. Papa Viktor alitaka kuwatenga, lakini Mtakatifu Ireneo wa Lyon akamsihi atunze amani. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea uliamua wote waadhimishe Dominika moja. Kanuni iliyoenea ni hii: Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia Machi 21 au baadaye, kwa hesabu ya Kanisa.

Hata hivyo, mwaka wa kalenda ya Julius Kaisari uliuzidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Kufikia karne ya 16 kosa lilikuwa siku 10. Papa Gregori XIII, akisaidiwa na wataalamu kama Mjesuiti Christopher Clavius, aliirekebisha: Oktoba 4, 1582 ilifuatwa na Oktoba 15. Waorthodoksi walio wengi wangali wanaipata Pasaka kwa hesabu ya kale. Hivyo, mwaka 2024 sisi tuliadhimisha Machi 31, wao Mei 5. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Nisea, hesabu zilikutana, tukaadhimisha sote Aprili 20.

Mtakatifu Ambrosi alilifananisha Kanisa na mwezi, kwa kuwa nuru yake yote hutoka kwa Kristo. Basi, tutazamapo mwezi mpevu wa Kwaresima, tuwaombee ndugu zetu wa Mashariki, nasi tujiombee, ili kukutana kwa mwaka ule kusibaki kuwa bahati ya hesabu tu.

Mungu awabariki.