Aikoni ya Sauti: Imepotea, Imefichwa au Imekosekana?

Kazi ya mkuza istilahi haiishii katika kutoa neno. Neno hupimwa pale linapotumiwa na mtu aliye kazini, mwenye haja na asiye na kamusi karibu. Katika makala haya tutatazama jambo dogo linalojulikana na wengi watumiao kompyuta maofisini na mashuleni, yaani ile picha ya spika iliyo pembeni mwa kioo, ambayo siku moja mtu huitafuta asiione. Tutaeleza ilivyofika pale, na kwa nini maelezo ya kuirudisha yamewatatiza wafasiri.

Kompyuta za mezani za mwanzo hazikuwa na haja ya picha hiyo. Ile ya IBM iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ndani yake, iliyotoa milio tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ilitoa kadi ya sauti iitwayo Sound Blaster. Kadi hiyo ilikuwa na gurudumu dogo lililotokeza nyuma ya mashine, la kuzungushwa kwa kidole kama lile la redio. Aliyetaka kuongeza au kupunguza sauti alijua pa kupeleka mkono.

Wakati huo historia nyingine ilikwisha kuanza. Katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, wataalamu waliunda kompyuta ya Alto mwaka 1973. Mwaka 1981 kampuni hiyo ikaanza kuuza mashine ya Star, ambayo kioo chake kilifananishwa na meza ya karani, chenye michoro ya karatasi, majalada na vikapu vya barua. Michoro ya namna hii ilipewa jina na David Canfield Smith katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford ya mwaka 1975. Jina hilo asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni sura au mfano wa kitu. Kiswahili kimelipokea kwa umbo la aikoni, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Umbo la ikoni nalo hutumika kwa picha takatifu za makanisa ya Kiorthodoksi.

Historia hizi mbili zilikutana katika Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995. Chini ya kioo uliwekwa upau wa kazi, na katika pembe yake, karibu na saa, ikawekwa aikoni ya spika. Lile gurudumu sasa likawa picha. Faida yake ni dhahiri, kwani mtu hahitaji tena kupapasa nyuma ya mashine. Lakini gurudumu halikuweza kutoweka, na picha yaweza.

Hapa ndipo mfasiri anapoingia. Tatizo lake la kwanza ni neno la Kiingereza «volume», ambalo lina maana zaidi ya moja. Kwa mkutubi ni juzuu. Kwa mwalimu wa hisabati ni ujazo, kama wa maji katika debe. Kwa mwenye redio ni kiwango cha sauti. Mfasiri aliyefungua kamusi kwa haraka na kuandika «aikoni ya ujazo» atakuwa amemtuma msomaji kutafuta kitu kisichokuwapo.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Maelezo mengi ya Kiingereza husema tu kwamba aikoni haipo, na kwa neno moja hujumlisha hali tatu tofauti. Hali ya kwanza ni aikoni kufichwa. Katika Windows XP ya mwaka 2001, kwa mfano, palikuwa na kisanduku katika mipangilio ya sauti. Kikitiwa alama ya vema aikoni huonekana, na alama ikiondolewa hujificha. Hali ya pili ni aikoni kuchelewa. Mashine inapowashwa, programu nyingi huanza kwa pamoja, na pengine pembe ile huchorwa kabla aikoni haijawa tayari. Alama ya vema ipo, ila picha haionekani. Dawa yake ni kuiondoa alama na kuirudisha, au kuiwasha mashine upya. Hali ya tatu ni aikoni kukosa kile inachokiwakilisha. Programu endeshi ya kadi ya sauti haipo au imeharibika, na hata kisanduku chenyewe hufifia kisikubali kubofywa. Hapo ndipo fundi anapohitajika.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika hali mbili za kwanza mawingu yameondoka, na mvua ingalipo. Tuliwahi kuletewa maelezo ya Kiswahili yaliyosema «sauti imepotea». Mwalimu mmoja aliyeyafuata aliahirisha somo la kusikiliza, akaibeba kompyuta ya shule hadi mjini kwa basi, akalipa fundi. Fundi alitia alama ya vema. Kosa halikuwa la mwalimu, bali la aliyeandika «sauti» badala ya «aikoni ya sauti», na «imepotea» badala ya «imefichwa».

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, na baadaye Windows yenyewe kupata sura ya Kiswahili, watumiaji wamezoea maneno mengi mazuri. Mfano mmoja ni bofya. Zamani tulibofya embe kwa vidole kutaka kujua kama limeiva, na leo twabofya aikoni. Neno hilo limekubalika kwa kuwa linauonyesha mkono la kufanya.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Mosi, volume ya redio na kompyuta iitwe kiwango cha sauti. Pili, aikoni isemwe imefichwa, imechelewa au imekosekana, kila neno kwa hali yake, na neno kupotea lisitumiwe kabisa. Tatu, kila maelezo yataje toleo la programu. Katika Windows 10 ya mwaka 2015 aikoni hurudishwa kupitia mipangilio ya upau wa kazi. Katika Windows 11 ya mwaka 2021 aikoni za sauti, mtandao na betri zimekusanywa katika kitufe kimoja, na maelezo ya zamani hayafai.

Wafasiri na walimu wenye maoni tofauti wanaombwa watuandikie, hasa wakituletea sentensi zilizowahi kumpotosha msomaji. Sentensi za namna hiyo hutufunza kuliko orodha ndefu ya maneno.