Kabla ya mtaro kuchimbwa, waulizwe wenye makaburi

Maji ya bomba na umeme ni vitu ambavyo raia wa Kongo wanavingoja kwa hamu. Lakini kila mtaro wa bomba na kila shimo la nguzo linapasua udongo, na udongo wetu umefunika mambo mengi ya wazee.

Tukumbuke Ishango, huku Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua pale mfupa mdogo uliochanjwa alama kwa mafungu, wenye umri wa karibu miaka 20,000. Kule Katanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi ya Sanga yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958 yalitoa vyungu, vyuma na misalaba midogo ya shaba. Maisha ya watu wale hayakuandikwa popote. Makaburi yao ndiyo yaliyosema. Kama mashine ingetangulia, tusingejua kitu.

Kuhifadhi hakuzuii maendeleo. Kati ya Chad na Kameruni lilifukiwa bomba la mafuta la kilometa 1,070, toka Doba hadi pwani ya Kribi. Wataalamu wa mambo ya kale walikagua njia mbele ya mashine, kisha wakafuata mtaro ukiwa wazi. Walikuta maeneo zaidi ya 400, yakiwemo yenye tanuri za kuyeyushia chuma na mashimo yenye vigae vya vyungu. Na mafuta yalianza kupita mwaka 2003.

Kongo pia ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, tangu 1971. Lakini sheria haisimami kando ya mtaro. Anayesimama pale ni mwenyeji. Na wenyeji wengi leo wako kambini au katika familia zilizowapokea. Fundi akifika kijijini anakuta majani tu, anadhani ni pori. Kaburi lisilo na saruji, yeye atalijuaje?

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji mliokimbia, wazee wataje majina ya vilima, vijito na makaburi, na vijana waandike. Wenye kazi nao wawafuate huko mliko, pamoja na chifu, kabla ya kupima njia. Mifupa au vyungu vikionekana, kazi isimame pale, kitu kisibebwe, chifu na serikali wajulishwe. Bomba linaweza kupindishwa mita chache. Kaburi likisha kuvunjwa, halirudi.