Matuta ya Ukambani na Amri za Kompyuta

Msomaji wangu, ukipita katika vilima vya Makueni au Kitui utaona matuta yaliyopangwa kama ngazi. Aina moja huitwa fanya juu, kwa sababu udongo uchimbwao mferejini hutupwa upande wa juu. Majirani wa mwethya, yaani chama cha kusaidiana kazi, huyachimba kwa mstari na kipimo kimoja. Maana tuta moja likipasuka, maji hushuka yakabomoa yaliyo chini yake.

Sasa tuvuke bahari hata Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949 mashine iitwayo EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza. Mkuu wa kazi hiyo, Maurice Wilkes, alidhani kuiandikia amri ni jambo jepesi. Punde si punde akatambua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki angeitumia kutafuta makosa yake mwenyewe!

Mwanafunzi wake, David Wheeler, alileta nafuu. Kazi iliyohitajiwa mara kwa mara iliandikwa mara moja, ikajaribiwa, ikatobolewa katika utepe wa karatasi na kuwekwa akiba. Aliyeitaka aliunakili utepe ule. Mashine iliruka kwenda kwa msaidizi huyo, kisha ikarudi ilikotoka. Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu, kwani mashine haikuwa na amri ya kurudi. Wheeler akabuni njia ya kumwachia msaidizi alama ya mahali alipoitwa.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianzisha Linux, ambayo kiini chake kimo leo ndani ya simu za Android zinazouzwa Wote na Mwingi. Kanuni zake za uandishi ni kali. Kila tabaka la amri huingizwa ndani kwa nafasi 8, na msaidizi awe mfupi, afanye jambo moja tu. Wengine huona nafasi 8 ni nyingi mno. Mimi nazipenda: mwenye kurundika tabaka juu ya tabaka huishiwa na ukurasa, na fujo yake huonekana na wote.

Kabla ya amri kupokewa, wenzake mwandishi huzikagua. Hapa, tofauti na matuta, kilicho chini kikipasuka huanguka vya juu. Basi mkaguzi hodari hutazama sana njia za kutokea: msaidizi aliyefunga kufuli, akakutana na kosa, akarudi bila kulifungua, aweza kuigandisha simu nzima mkononi mwako.