Ukoo wa Mkwawa ulianza na mgeni

Huku Kibakwe, mkishasalimiana tu, swali linalofuata ni la ukoo: "Wewe wa kina nani?" Ukitaja jina lako la mwisho, aliyekuuliza anakuweka kwenye fungu lake: huyu Mgogo, huyu Mhehe, huyu Msagara. Mpwapwa ni wilaya ya watu waliokutana, kwa hiyo jina linafanya kazi ya kitambulisho. Mara nyingi swali lenyewe ni la heri, mtu anatafuta undugu au utani. Ila ukizuka ugomvi wa shamba, au zikifika siku za kampeni, jina lile lile linageuzwa kuwa fimbo: "Jina lako si la hapa." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, mpaka nikaamua kufuatilia jina moja ambalo sidhani kama kuna Mtanzania wa kuliambia hivyo. Jina hilo ni Mkwawa.

Kwanza, Mkwawa halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la sifa la mtu mmoja. Kwa urefu wake ni Mkwavinyika, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa mtekaji wa nchi. Mwenye jina alikuwa mtoto wa Munyigumba, mtawala aliyeziunganisha nchi ndogondogo za Uhehe katika karne ya 19 na kufariki karibu mwaka 1879. Ukoo wao ni wa Muyinga, na ndiyo maana majina yake yakitajwa kwa ukamilifu huishia na Mwamuyinga.

Sasa huyo Muyinga katokea wapi? Simulizi ya Wahehe inaanza na mwindaji, Mufwimi, aliyeshuka kutoka milima ya Usagara akifuata nyati. Yaani milima ya upande wetu huku. Akafika Ng'uluhe, nchi ya mtawala aitwaye Mwamduda, akakaribishwa. Huko akapendana na Semduda, binti wa mwenyeji wake. Binti akapata mimba. Mwindaji akaondoka, akaacha maagizo kwamba mtoto akiwa wa kiume aitwe Muyinga, na yeye mwenyewe hakurudi tena. Inasemekana aliuawa na nyati. Mwamduda hakuwa na mtoto wa kiume wa kumrithi. Utawala ukamwangukia mjukuu wake, mtoto wa mgeni.

Hebu tuitazame vizuri simulizi hii. Ukoo ulioitawala Uhehe nzima ulianza na mtu ambaye pale Ng'uluhe jina lake halikuwa la hapo. Na kilichompa Muyinga haki ya kutawala hakikutoka kwa baba. Kilitoka kwa mama. Bila Semduda, Muyinga angekuwa mtoto wa mpita njia.

Jina la Semduda nalo lina funzo. Kihehe humtofautisha mtoto wa kiume na wa kike ndani ya jina lenyewe: Mwa- kwa mwanaume, Se- kwa mwanamke. Mwamduda, Semduda: ukoo mmoja, milango miwili. Kwa mbali sana, Waayalandi wana utaratibu unaofanana. Mwaka 1014 mfalme wao Brian Boru aliuawa katika vita vya Clontarf, na uzao wake ukaja kujiita Ó Briain. Ó maana yake mjukuu au mzao. Binti wa ukoo huo haitwi Ó Briain, anaitwa Ní Bhriain. Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, majina yakaandikwa kwa masikio ya Kiingereza. Ó Briain ikawa O'Brien, wengi wakaidondosha kabisa ile O, wengine wakairudisha mwishoni mwa karne ya 19 vuguvugu la utamaduni wao lilipopamba moto.

Kwetu pia karani alisikia alivyosikia. Mkwavinyika alipolishinda jeshi la Emil von Zelewski kule Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, jina lake lilifika hadi Ujerumani, na Wajerumani wakaliandika Quawa. Alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la "Sultani Mkwawa". Yaani jina la sifa la mtu mmoja likaingia kwenye mkataba wa dunia, huku Mwamuyinga hana nafasi.

Fuvu lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Lisome jina lake taratibu: Adam ni yeye, Sapi ni baba yake, Mkwawa ni babu yake. Ni mpangilio ule ule wa fomu zetu hadi leo. Kwa mpangilio huo, kila kizazi kingeacha jina moja nyuma na kushika jingine. Lakini Mkwawa halikuachwa. Likaganda, likawa la ukoo, na sasa hata chuo kikuu kishiriki cha ualimu kule Iringa kinaitwa hivyo.

Kwa hiyo jina tunalolichukulia kuwa mzizi ni tawi, tena la juuju. Chini yake kuna Mwamuyinga, chini ya Mwamuyinga kuna mwindaji wa Usagara, na pembeni yake kuna mwanamke ambaye fomu haina kisanduku cha kumwandika. Siku hizi mabinti wengi huandikishwa kwa jina la baba kama lilivyo, na ile Se- inabaki midomoni mwa bibi zetu.

Basi ukimkuta bibi wa Kihehe hapa Kibakwe, muulize jina lake la kwao, kisha uliandike mahali. Na ukimsikia mtu kwenye kikao cha kijiji akimwambia mwenzake kwamba jina lake si la hapa, msimulie habari za Mufwimi.