Kura mbili za London

Mwaka 2000, London ilipochagua meya wake kwa mara ya kwanza, Labour walimnyima Ken Livingstone tiketi. Akasimama kama mgombea binafsi, akashinda. Frank Dobson, mtu wa chama, akaishia nafasi ya tatu!

Karatasi ya kura ilikuwa na chaguo la kwanza na la pili. Mgombea wako asipoingia mbili bora, basi chaguo lako la pili linahesabiwa, kama ni mmoja wa hao wawili. Kwa hiyo uliweza kuwapa Kijani kura bila kuogopa.

Sheria ya 2022 ikafuta chaguo la pili, na 2024 tukapiga kura moja tu. Siku hizi ukitaja chama kidogo, mama anasema unampa ushindi usiyemtaka. Na kihesabu, yuko sahihi.