Nduthi Imezima Mbali na Kisumu? Hivi Ndivyo Utaifikisha kwa Fundi Bila Kumaliza Doh Wala Kuvunja Mguu

Boxer yako imekohoa mara mbili ukipita Kisian, ikanyamaza. Jua linazama, trela za Busia zinapita zikikupulizia vumbi, na msee wa kwanza kusimama anakuambia, "Omera, wewe kaa tu juu, niweke mguu nikusukume mpaka Kondele." Ni bure, ni haraka, na kila siku unaona watu wakifanya hivyo. Kabla hujakubali, soma hii.

Tuelewane kwanza kwa nini watu hukubali. Kama wewe ni jaboda, hiyo nduthi ndiyo chakula, ndiyo rent, na mara nyingi ndiyo mkopo wa kulipwa kila siku au kila wiki. Ikilala siku moja umepoteza mara mbili: hujaingiza kitu na deni halijalala. Sasa mtu wa brekdauni akikutajia bei ya kuvuta gari dogo, akili inakimbilia kamba na mguu. Shida ni kwamba hapo katikati kuna njia kadhaa za bei ya chini ambazo watu huruka kwa sababu ya presha.

Njia ya bei ya chini kabisa ni kutovuta. Dakika 10 za kuangalia zinaweza kukuokolea soo kadhaa. Geuza koki ya petroli iende rizavu, hata kama unaapa ulijaza jana. Angalia ile swichi nyekundu ya usukani, kama yako iko nayo, maana mtoto akichezea nduthi ikiwa imesimama hiyo ndiyo kitu ya kwanza anabonyeza. Fungua kiti uone fyuzi na waya za betri. Chomoa kofia ya plagi, ipanguse vizuri hasa kama mvua imekunyeshea, rudisha, piga kiki. Ukiwa na spana ya plagi, toa plagi yenyewe: ikiwa nyeusi na imelowa, isugue na kitambaa, iache ikauke, jaribu tena. Plagi ya akiba ni kitu kidogo sana kubeba chini ya kiti, na bado wasee wengi wanabeba spika ya Bluetooth lakini hawabebi plagi. Sisemi kitu.

Ikikataa, usianze kuwaza vile nduthi itaenda kwa fundi. Waza vile fundi atakuja kwa nduthi. Fundi na begi lake la spana wanaingia kwa boda moja, kwa nauli ya abiria wa kawaida. Nduthi iliyozima haiwezi. Cheni ikikatika, kebo ya klachi ikitoka, pancha, plagi, kabureta kujaa uchafu, zote hizo zinamalizwa kando ya barabara. Uliza kwenye stage iliyo karibu. Kila stage kati ya Kisumu na Bondo iko na fundi wake, na kama wewe ni mwanachama wa stage yako mjini, piga simu kwa mwenyekiti kabla hujampigia mtu mwingine yeyote. Stage nyingi ziko na mchango wa mambo kama haya, na hata kama pesa haipo, mwenyekiti anajua nani ako na pikapu na nani ni mwizi.

Safari ya kubeba nduthi ni ya injini iliyokwama, gia iliyovunjika, rimu iliyopinda, au ajali.

Tafuta gari inayorudi tupu

Hapa ndipo doh inaokolewa, kwa hivyo tulia.

Dereva wa pikapu akitoka Kisumu kukufuata Ahero, anakuchaji kwenda na kurudi. Piga hesabu mwenyewe. Kisumu hadi Ahero ni kama kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Pikapu ikitumia lita moja kwa kilomita 10, hiyo ni lita 5. Ukichukua lita kuwa shilingi 180, mafuta peke yake ni 900. Ongeza muda wake na faida yake, ni haki yake. Lakini akikuanzia thao nne, sasa unajua ni ngapi kati ya hiyo ni mafuta na ngapi ni uso wako wenye wasiwasi.

Gari ambayo ilikuwa inarudi Kisumu hata bila wewe iko na hesabu tofauti kabisa. Mafuta tayari iko kwa bajeti yake, wewe ni faida tu. Huyo anaweza kukubali bei ambayo wa kwanza angekucheka. Kazi yako ni kujua nani anarudi tupu na saa ngapi. Kanta na pikapu zinazopeleka simiti, soda na unga maduka ya Bondo, Siaya na Katito hutoka mjini asubuhi zikiwa zimejaa na kurudi mchana au jioni bila kitu. Kwa hivyo ukikwama huko saa nane mchana, simama mbele ya hardware kubwa ya senta, usisimame kwenye stage ya matatu. Gari za samaki ni kinyume. Zinapakia kwenye fuo kama Usenge na Luanda Kotieno, zinakuja mjini na barafu na samaki, halafu zinarudi kwa ziwa zikiwa tupu. Hizo zinakufaa ukitaka kupeleka nduthi nyumbani kutoka Kisumu, sio kuileta. Siku ya Jumapili, soko la Kibuye linavuta magari kutoka pande zote. Jioni mengi yanarudi kwao, na ukifika pale mapema na maneno mazuri utapata mtu.

Ndani ya mji mambo ni rahisi zaidi. Kutoka Nyamasaria au Manyatta mpaka kwa fundi, tafuta tuktuk ya mizigo, ile iko na bodi wazi nyuma. Ya abiria achana nayo, haina mahali pa kufunga kitu. Na kama ni umbali mfupi kwenye barabara tambarare, mkokoteni na vijana wawili wa soko watafanya hiyo kazi vizuri, mradi si wakati wa foleni ya Kondele.

Jua pia kwamba huhitaji gari kusukuma nduthi nusu kilomita ifike mahali penye watu. Kama gurudumu la nyuma limekwama kwa sababu ya injini au gia, tafuta koleo, toa klipu ya cheni, vua cheni yote. Gurudumu litazunguka huru na utaweza kuikokota kama baiskeli. Weka cheni na klipu mfukoni. Hiyo klipu ni ndogo na ikipotea kwenye nyasi utalia.

Kupakia na kufunga

Boxer au TVS ya kazi iko na zaidi ya kilo 100. Ikiangukia mtu wakati wa kupakia, bei yote uliyookoa inaenda hospitali. Mnahitaji watu watatu na ubao mnene, ule wa mjengo, sio mbao ya kitanda. Kama kuna ukingo wa mtaro au mwinuko kando ya barabara, rudisha pikapu hapo ili ubao usisimame wima. Mmoja anashika usukani akiwa upande wa kushoto na vidole kwenye breki ya mbele, wawili wanasukuma kutoka nyuma kwa keria. Funga koki ya petroli kabla ya kuinua. Usiwashe injini eti ipande yenyewe, hata kama inawaka kidogo.

Nduthi isafiri ikiwa imesimama. Ukiilaza, petroli inamwagika kupitia kifuniko, asidi ya betri inaweza kuvuja, na usukani unapinda kila mkipita bampu. Gurudumu la mbele lisukume mpaka liguse ukuta wa kebini, kwenye kona kama inawezekana. Weka gia ya kwanza. Rudisha stendi juu, ndiyo, juu, kwa sababu nduthi inayoegemea stendi inaruka nayo kila shimo mpaka stendi inavunjika au kamba inalegea.

Kamba mbili za kwanza zinafungwa mbele, moja kila upande, kutoka kwenye chuma cha chini kinachoshika shoki za mbele, zikivuta kwenda chini na mbele. Usifunge kwenye ncha za usukani wala kwenye kioo. Vuta mpaka shoki zishuke kama nusu, ndipo nduthi inakaa imara. Kwa hizi mbili tumia kamba ya manila au mkanda wa kukaza. Blada, ile mipira ya kukatwa kutoka kwa tyubu, inavutika. Ni sawa kwa keria ya nyuma kuzuia mkia usicheze, lakini ukitegemea blada peke yake mbele, bampu ya kwanza utaona nduthi ikiinama kama mzee wa kanisa. Mkishaenda kilomita 5 simamisheni gari, kazeni tena. Kamba zote hulegea mwanzoni.

Na usipande nyuma kushikilia nduthi kwa mkono. Ikianguka, wewe ndiye godoro. Kaa mbele na dereva.

Sasa huo mguu na kamba

Kusukumwa na mguu kwenye lami ya Busia Road ni kucheza. Nduthi mbili sambamba zinajaza njia. Anayekusukuma anaendesha mguu mmoja ukiwa kwako, kwa hivyo usukani wake unavutwa upande mmoja na wako upande mwingine. Wewe ukishika breki ghafla, yeye anaenda chini. Na taa za nduthi nyingi zinategemea injini kuzunguka, maana yake usiku wewe ni kivuli mbele ya trela. Mteremko wa kutoka Riat kushuka Mamboleo ndio mbaya zaidi: injini imekufa, hakuna gia ya kukusaidia kupunguza mwendo, breki peke yake ndiyo inabeba kila kitu.

Kamba ni afadhali kidogo, na nasema kidogo. Kama kweli hakuna njia nyingine, ni mchana, ni barabara ya mtaa na si highway, basi fanyeni hivi. Kamba iwe kama mita 5, ifungwe kwa fremu ya nyuma ya nduthi inayovuta, chini, na ifungiwe kitambaa chekundu katikati. Kwa nduthi yako usiifunge fundo popote. Izungushe mara moja kwenye chuma cha kuwekea mguu wa kushoto, kisha ukanyage hiyo ncha na kiatu. Ukiinua mguu, kamba inajiachilia na uko huru. Mbona kushoto? Kwa sababu mguu wa kulia unauhitaji kwa breki. Wewe wa nyuma ndiye unashika breki polepole ili kamba isilegee, kwa sababu kamba ikilegea inaingia kwa gurudumu. Mwendo usizidi 20. Hakuna abiria, hata kama ni mtoto wa jirani. Helmeti na riflekta ziko hapo hapo, sheria inataka hivyo na lori pia.

Ukiwa upande wa visiwa

Kutoka Mbita kwenda upande wa Bondo, feri ya Luanda Kotieno inabeba nduthi, na iliyozima unaisukuma tu ipande. Inakuokolea kuzunguka kupitia Homa Bay na Kisumu. Ukitoka Mfangano kwa boti ya mbao, vuka asubuhi kabla upepo haujaanza, punguza petroli kwenye tangi, nduthi ilale katikati ya boti na ifungwe, na uvae laifujaketi.

Makaratasi na usalama wako

Nduthi imebebwa usiku bila karatasi inafanana na nduthi iliyoibwa. Weka picha ya logbook na kitambulisho kwa simu, na kama ni ya mkopo, mkataba pia. Iwapo iko na tracker, pigia kampuni ya mkopo kabla hujaipakia, wasije wakaona inatembea kama kwamba umetoroka nayo.

Kama ni ajali na kuna mtu ameumia, usiguse hiyo nduthi mpaka polisi wafike, isipokuwa kumtoa mtu hatarini. Piga 999 au 112, Red Cross ni 1199. Sheria ya trafiki inataka ajali iripotiwe kituoni ndani ya saa 24, na bila abstract ya polisi, bima haitakusikiza.

Na yule msamaria aliyesimama na pikapu? Piga picha ya namba ya gari kabla nduthi haijapanda, itume kwa group ya stage. Kubalianeni bei yote, pamoja na ya kushusha. Tuma nusu kwa M-Pesa hapo hapo, jina lake litatokea kwa meseji. Akikuambia simu yake haina M-Pesa, mwambie asante na umngoje mwingine. Nusu iliyobaki unatuma nduthi ikishakanyaga chini kwa fundi, na kamba zako ziko mkononi.