Simu kwa mbunge yaweza kuamua hatima ya chanjo ya mtoto

MTOTO anayedungwa sindano katika zahanati ya kijijini hapa nchini hajui kwamba sehemu ya gharama ya chanjo hiyo iliidhinishwa na wabunge wa nchi za mbali, ambao mamake hana kura ya kuwachagua wala kuwaondoa. Ni lazima mtu mwingine amsemee.

Chanjo nyingi wanazopewa watoto wa mataifa yenye mapato ya chini hununuliwa kwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa ulioanzishwa mwaka wa 2000. Tangu wakati huo, umesaidia kuchanja zaidi ya watoto bilioni moja. Kenya, kwa mfano, ilianza mwaka wa 2001 kutoa chanjo moja inayokinga magonjwa matano, yakiwemo kifaduro, pepopunda na dondakoo, kwa msaada wa muungano huo. Fedha hutoka kwa wahisani na kwa serikali wafadhili, na katika mataifa ya kidemokrasia mgao wa serikali hupitia bungeni. Hapo ndipo simu ya mwananchi wa kawaida inapopata uzito.

Marekani ni mfano mwafaka. Rais hupendekeza bajeti, lakini Katiba imelipa bunge la Congress mamlaka ya kuidhinisha matumizi ya fedha. Mkazi wa jimbo lolote huwakilishwa na mbunge mmoja kati ya 435, pamoja na maseneta wawili kati ya 100. Akipiga simu katika jengo la bunge, Capitol, opereta humuunganisha na afisi ya mwakilishi wake.

Aghalabu anayepokea simu si mbunge bali ni karani kijana. Huuliza jina na mahali mpigaji anakoishi, kisha hunakili suala na msimamo wake. Maoni hayo hujumlishwa na kufikishwa kwa wakuu wa afisi. Simu ya mtu asiyetoka katika eneo hilo haitiliwi maanani sana, kwa kuwa mbunge huwajali kwanza wenye kura yake.

Wenye tajriba hushauri kwamba mpigaji azungumzie jambo moja tu, kwa dakika moja au mbili. Ataje kiasi anachotaka kitengwe, aeleze kwa ufupi kwa nini suala hilo linamgusa, na aombe kujulishwa msimamo wa mbunge. Matusi huharibu kazi. Muhimu zaidi ni wakati: simu ipigwe kabla ya kamati ya bajeti kukata shauri, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Juhudi hizi si ngeni. Shirika la RESULTS, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1980, limekuwa likiwafunza raia wa kujitolea kupiga simu, kuandika barua na kukutana na wabunge kuhusu umaskini na afya ya watoto. Katika sheria ya bajeti ya 2024, Congress iliitengea Gavi dola milioni 300.

Hata hivyo, mgao wa leo si dhamana ya kesho. Katika kongamano la wafadhili mjini Brussels mnamo Juni 2025, Waziri wa Afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alitangaza kwamba nchi yake haingeendelea kuifadhili Gavi. Muungano huo ulikuwa umelenga dola bilioni 11.9 za kipindi cha 2026 hadi 2030, lakini ahadi zilizotolewa hapo zilizidi bilioni 9 tu. Pengo kama hilo maana yake ni watoto wachache kuchanjwa.

Wakenya waliopata uraia wa Marekani wana haki ya kupiga simu hizo. Walio nyumbani nao wana kazi yao. Kenya imo katika awamu ya kuuaga msaada wa Gavi hatua kwa hatua, na mzigo unahamia kwa mlipa ushuru. Katikati ya 2025, chanjo za polio na kifua kikuu ziliadimika katika kaunti kadhaa, na akina mama wakarudi nyumbani na watoto wasiochanjwa.

Makadirio ya bajeti huwasilishwa katika Bunge la Kitaifa kufikia Aprili 30 kila mwaka. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni. Mbunge anayepigiwa simu kuhusu karo na matanga anaweza pia kuulizwa kuhusu chanjo, kabla ya bajeti kupitishwa.